Modeli za ndege za East African Airways
Modeli za ndege za East African Airways ni ndege ndogo za chuma zinazokusanywa kama kumbukumbu ya shirika la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar (1946–1977). Hutengenezwa kwa aloi ya zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya kalibu. Skeli zinazopendwa ni 1:200 na 1:400. Mabawa ya Fokker F27, yenye upana wa mita 29, huwa sentimita 14.5 katika skeli ya 1:200.

Mkusanyaji makini hutazama kwanza namba ya usajili, si rangi. Shirika lilikuwa moja, lakini ndege zilisajiliwa katika nchi tofauti: 5H Tanzania, 5X Uganda na 5Y Kenya. Herufi chache tu hutenganisha modeli za Super VC10 zinazofanana kabisa. 5X-UVA ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. 5H-MMT ilirudi Uingereza, ikageuzwa kuwa ndege ya kijeshi ya kujaza wenzake mafuta angani, na kuruka hadi 2013.

Modeli za zamani ambazo zinki yake ilichanganyika na risasi hupasuka zenyewe polepole, hata zikiwa kabatini.