Mifupa ya Mtwapa

Wakoloni walishikilia kwamba miji ya mawe ya pwani ya Waswahili ilijengwa na wageni kutoka Asia. Tarihi ya Kilwa nayo ilisimulia kuja kwa Washirazi kutoka Uajemi. Wasomi wakabishana miaka na mikaka.

Mwaka 2023 vinasaba vikatia neno. Watafiti Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao walichunguza mabaki ya watu 80, wakiwamo wa miji ya Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa. Upande wa kikeni ulikuwa wa Kiafrika hasa. Wa kiumeni, kwa wengi, ulitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Kumbe tarihi haikuwa porojo tupu!

Hatari ipo. Vinasaba havisemi nani alichonga matumbawe ya kujengea miji hiyo, lakini wapo watakaovigeuza hati ya kumiliki pwani. Wasisikilizwe.