Gunia la mawe ya dhahabu: Sheria inavyomtazama mwizi, jambazi na mnunuzi

KATIKA machimbo ya Osiri Matanda, eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, utajiri wa mchimbaji huweza kuwa gunia la mawe ambalo thamani yake haijulikani hadi yasagwe na dhahabu inaswe kwa zebaki. Gunia hilo likitoweka, aliyelichukua huitwa mwizi na basi. Sheria ya Kenya huuliza maswali zaidi, na majibu yake ndiyo huamua iwapo mshtakiwa atakabiliwa na kifungo cha miaka 3 au hukumu ya kifo.

Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, chaeleza wizi kuwa ni kuchukua kwa hila, pasipo haki, kitu kinachoweza kuibwa. Mwamba ulioshikamana na ardhi huwa kitu cha kuibwa mara tu unapobanduliwa, hata kama aliyeubandua ni mwizi mwenyewe. Huenda mshtakiwa akadai kwamba madini yote ni mali ya umma, na kwa mujibu wa Katiba ya 2010 na Sheria ya Madini ya 2016 ni kweli. Hata hivyo, sheria ya wizi humtambua pia anayeshikilia mali, wala si mmiliki kamili peke yake.

Ugomvi wa mgao kati ya mwenye shamba, mwenye shimo na wachimbaji ni jambo jingine. Kifungu cha 8 humwondolea lawama ya jinai mtu aliyechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, bila nia ya kulaghai. Kesi ya namna hiyo mahali pake ni mahakama ya madai.

Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275, adhabu yake haizidi miaka 3. Mwajiriwa akimwibia mwajiri, hufika miaka 7. Kuvunja nyumba ya kuishi mchana kwa nia ya kutenda kosa ni miaka 7, na usiku, yaani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ni miaka 10. Wala kuvunja si lazima kung'oa kufuli: kusukuma mlango uliofungwa kwatosha. Mwizi wa ng'ombe, mbuzi au kondoo hukabiliwa na hadi miaka 14. Orodha ya mifugo hiyo inamtaja hata mbuni, ambaye wakazi wengi wa Migori na Homa Bay hawajamtia machoni, lakini kuku, anayeibwa kila uchao, hayumo. Mwizi wake hushtakiwa kwa wizi wa kawaida.

Mambo hubadilika kabisa nguvu au vitisho vinapotumika. Huo ni unyang'anyi, na adhabu yake ni hadi miaka 14. Chini ya kifungu cha 296(2), unyang'anyi huwa wizi wa mabavu ikiwa mtenda alikuwa na silaha hatari, au aliandamana na mwenzake, au alimpiga au kumjeruhi mtu. Mahakama ya Rufaa imeshikilia kwamba moja tu kati ya hayo linatosha. Vijana wawili wanaomtisha mlinzi kwa kipigo na kubeba gunia, bila kumgusa, wamekwisha kuingia katika kosa ambalo adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu hiyo kwa mauaji mnamo Desemba 2017, ila Julai 2021 ikafafanua kuwa uamuzi huo haukuhusu wizi wa mabavu. Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987, na waliohukumiwa huishia kukaa gerezani kwa miaka mingi.

Asiyejihadhari zaidi huenda ni mnunuzi. Anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, hukabiliwa chini ya kifungu cha 322 na kifungo cha hadi miaka 14, zaidi ya mara nne ya kile cha mwizi wa kawaida aliyemuuzia. Bei ya kutupa usiku wa manane ni jambo ambalo hakimu atalipima.

Anayepatikana na mali iliyoibwa karibuni huweza kuchukuliwa kuwa ndiye mwizi akikosa maelezo ya kuridhisha. Lakini mlalamishi hana budi kuthibitisha kwamba mali ni yake, na hapo ndipo kesi za mawe huwa ngumu, kwani mawe hufanana na yakishasagwa hayana alama. Gunia lililotiwa alama, hesabu iliyoandikwa na taarifa ya mapema katika kitabu cha matukio cha polisi ni ushahidi wenye uzito.

Raia anaruhusiwa kumkamata anayemshuhudia akiiba, mradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Umati ukimuua mshukiwa, kila aliyeshiriki kwa nia moja aweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama jiwe lake halikuwa la mwisho.