Kabla ya vidonge vya jimu: stori ndefu ya mafuta, misuli na maumivu ya siku ya pili

Wadau, kuna watu wakipiga tizi la miguu Jumatatu, Jumatano wanashuka ngazi wameshika ukuta. Hapo ndipo jamaa mmoja wa jimu anakusogelea: "Meza hivi vidonge vya mafuta ya mimea, maumivu yote kwisha." Ukiuliza bei, unakaa chini.

Hii ahadi haijaanza jana. Twende nayo taratibu.

Neno jimu lenyewe asili yake ni neno la Wagiriki wa kale lenye maana ya "uchi". Jamaa walikuwa wanafanya mazoezi bila nguo, mwili mzima umepakwa mafuta ya zeituni. Wakimaliza wanajikwangua kwa kifaa cha chuma kilichopinda, yanatoka mafuta, jasho na vumbi. Na usicheke: ule uchafu ulitumika kama dawa ya uvimbe na viungo! Mwandishi wa Kirumi, Pliny, aliyaandika hayo karne ya 1. Kule Athens, bingwa wa mashindano alikuwa anabeba mitungi ya mafuta ya zeituni kama zawadi, kila mmoja una lita zaidi ya 30. Yaani mafuta yalikuwa dawa na mkwanja kwa wakati mmoja.

Lakini hayo yalikuwa ya kupaka. Ya kumeza yalikujaje?

Mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough aliandika kwamba maumivu yanayokuja baadaye, siyo ule uchovu wa palepale, yanatokana na misuli kuchanika kidogo kwa ndani. Mpaka leo wataalamu wanalijenga wazo hilo hilo: nyuzi zinaumia, mwili unazikarabati, zinarudi imara zaidi.

Mwaka 1922, huko California, Herbert Evans na Katharine Bishop waligundua kuna kitu kwenye chakula ambacho panya wakikikosa, mimba haziendi vizuri. Kikaitwa vitamini E. Mwaka 1936 kikatolewa kikiwa safi kutoka kwenye mafuta ya kiini cha ngano. Ikaonekana pia kwamba sungura wakikikosa, misuli yao inaharibika.

Sasa hapa ndipo watu waliporuka hatua. Kama kukikosa kunaharibu misuli, basi kukizidisha kutaijenga, si ndiyo? Kuanzia miaka ya 1950, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, Thomas Cureton, akawa anawapa watu mafuta ya kiini cha ngano na kuwapima pumzi na nguvu zao. Akasema yanasaidia, na mwaka 1972 akatoa kitabu kizima. Shida ni kwamba watafiti wengine walipojaribu, matokeo hayakujirudia. Ila biashara haikusubiri, makopo yalishaingia madukani.

Kisha mwaka 2009 likaja jambo la kushtua. Watafiti wa Ujerumani walichukua vijana wa kiume wapatao 40, wakawafanyisha mazoezi wiki 4. Nusu walimeza dozi kubwa ya vitamini C na E kila siku, nusu hawakumeza. Wasiomeza, miili yao ilianza kuitumia insulini vizuri zaidi, faida kubwa ya mazoezi. Waliomeza, faida hiyo haikuonekana! Wale watafiti wakaeleza kwamba ule msukosuko wa mazoezi ndiyo ishara inayouambia mwili ujiimarishe. Ukiizima, umejizimia na faida.

Haimaanishi mafuta ya mimea ni mabaya. Mtu mzima anahitaji vitamini E miligramu 15 kwa siku, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina kama miligramu 5. Ongeza karanga na mboga za majani, umeshasogea mbali bila kopo la mtu.

Kwa hiyo kijana unayejinyima msosi ili ununue vidonge, fikiria mara mbili. Maumivu ya siku ya pili ni fundi yupo kazini, mpe usingizi, chakula na siku mbili tatu. Yakizidi wiki, au mkojo ukawa na rangi ya kahawia, hapo achana na jamaa wa jimu, wahi hospitali.

Haya, wewe ulishauziwa nini kwa ajili ya misuli, na kilifanya kazi? Dondosha komenti hapo chini tuambizane.