Diski Isiyozunguka

Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, iliyokuja kuitwa SanDisk, iliiuzia IBM diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Ilibeba megabaiti 20 tu, kwa takriban dola 1,000.

Chimbuko la teknolojia yake lilikuwa Japani. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, aliitambulisha kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na aina ya NAND ikafuata 1987: seli ndogo zinazoshika data hata umeme ukikatika.

Wacheza gemu walianza kuitazama diski ya flashi kwa hamu Intel ilipotoa diski yake ya X25-M mwaka 2008. Gigabaiti 80, dola 595 kwa bei ya jumla! Mwenye nayo aliweka humo Windows na mchezo mmoja au miwili, mingine ikabaki kwenye diski ya zamani ya sahani zinazozunguka. Punde kikwazo kikahamia kwenye njia inayounganisha diski na kompyuta: SATA, hata toleo lake la tatu, haipitishi zaidi ya megabaiti 600 kwa sekunde. Itifaki mpya ya NVMe, iliyotoka 2011, ikapita njia ya kasi zaidi ya PCIe, na Samsung 950 Pro ya 2015 ikasoma hadi 2,500.

Namba hizo hupumbaza. Anayehama diski ya sahani kwenda SATA huona tofauti papo hapo. Anayehama SATA kwenda NVMe mara nyingi huokoa sekunde chache tu, maana prosesa bado inahangaika kufungua data iliyobanwa. PlayStation 5 ya 2020 ilikiachia kitengo maalumu ndani ya chipu yake kazi hiyo. Kwenye kompyuta, mchezo wa Ratchet & Clank: Rift Apart, katika toleo la 2023, uliitwika kadi ya michoro kazi hiyo.