Baada ya Kisu, Nini?

Ndugu msikilizaji, mirija ya nyongo ni njia nyembamba zitokazo kwenye ini hadi utumbo mdogo. Saratani ikiota humo hujificha. Wengi huja kuigundua macho yamekwisha geuka manjano, na ni wachache tu wanaowahiwa kupasuliwa. Hata hao, mara nyingi ugonjwa huwarudia. Kwa miaka mingi madaktari walijiuliza: baada ya kisu, je, dawa ya ziada inamsaidia mgonjwa au inamtesa bure?

Kukisia hakukuwa jawabu. Tena ugonjwa huu ni adimu, na hospitali moja haipati wagonjwa wa kutosha kulinganisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 2006 hospitali 44 za Uingereza ziliungana. Kwa miaka minane ziliandikisha wagonjwa 447 waliokwisha pasuliwa, zikawagawa kwa kura. Nusu walimeza vidonge vya kapesitabini kwa miezi sita. Wengine waliangaliwa tu. Katika miaka hiyohiyo Wafaransa na Wajapani walijaribu jemsitabini, dawa ya kudungwa mshipani, iliyozoeleka kwa wagonjwa wasioweza kupasuliwa. Haikurefusha maisha.

Majibu ya Uingereza yalichapishwa mwaka 2019. Nusu ya waliopangiwa vidonge waliishi zaidi ya miezi 51. Kwa wenzao, miezi 36. Hata hivyo, hesabu kali hazikuondoa kabisa shaka kwamba huenda ni bahati. Madaktari wengi waliikubali dawa hiyo, lakini ubishi haukwisha.

Ndipo mwaka 2023 Wajapani wakatoa matokeo yao, kwa wagonjwa 440 na vidonge vya jamii hiyohiyo viitwavyo S-1. Baada ya miaka mitatu, katika kila wagonjwa 100 waliopangiwa vidonge, 77 walikuwa hai. Kwa wasiopewa, 68.

Watu tisa kwa mia si muujiza. Lakini kila mmoja wa hao tisa ni mama au baba wa mtu.

Na tusisahau, ndugu msikilizaji, kwamba ushahidi huu ulitolewa na wagonjwa wenyewe. Walikubali kura iwapangie, huku wakijua kwamba huenda faida ikawa ya watakaokuja nyuma yao. Basi aliyepona kidonda cha upasuaji asione haya kumwuliza daktari wake: na baada ya hapa, nini?