Dawa Iliyotoka Kwenye Udongo wa Shamba

Leo vuta stuli ukae karibu na redio, kwani nina hadithi ya kweli. Inahusu vile vipele vyekundu vinavyomwasha mtoto shingoni, kwapani, kwenye mikunjo ya mapaja na chini ya nepi. Vipele hivyo humpata pia nyanya mwenye kisukari, chini ya matiti, hasa wakati wa joto.

Je, umewahi kuona jambo hili? Mtoto anaugua kifua, anapewa antibiotiki, kifua kinapona. Siku chache baadaye sehemu za nepi zinakuwa nyekundu na zenye majimaji, na pembeni vimetawanyika vipele vidogo vidogo. Mdomoni kuna utandu mweupe. Jirani anasema ni meno yanaota. Mwingine anasema mtoto ametiwa jicho. (Meno husingiziwa mengi hapa kwetu!)

Madaktari walikutana na jambo hilo hilo katika miaka ya 1940. Penisilini na dawa nyingine mpya ziliokoa watu wengi kwa kuua bakteria. Lakini mwilini mwetu wamo bakteria wasiodhuru, ambao huwazuia fangasi wasizidi. Wakiuawa, fangasi aitwaye kandida hupata nafasi. Kandida ni jamaa ya hamira, nawe hamira unaijua: ipe joto na unyevu, unga utaumuka. Mikunjo ya ngozi ina vyote viwili.

Basi huko Marekani, wanawake wawili waliokuwa wafanyakazi wa idara ya afya ya jimbo la New York walianza kutafuta dawa. Elizabeth Hazen, aliyefiwa na wazazi angali mtoto mdogo na kulelewa na jamaa zake, alikuwa mtaalamu wa vijidudu katika jiji la New York. Rachel Brown alikuwa mkemia mjini Albany, yapata kilomita 240 kutoka hapo. Walifanya kazi kwa posta. Hazen alikusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali, akaotesha vijidudu vilivyomo na kuvijaribu dhidi ya fangasi. Kilichofaa alikitia kwenye chupa na kumpelekea Brown, kama sisi tunavyotuma kifurushi kwa matatu. Brown alitenganisha ile kemikali yenye nguvu, akairudisha ili ijaribiwe kwa panya. Mara nyingi ikawa kwamba kilichoua fangasi kiliua na panya pia. Wakaanza upya.

Mwaka wa 1948 Hazen alikuwa likizoni kwa marafiki wenye shamba huko Virginia. Akachota udongo pale. Ndani yake kulikuwa na kijidudu kilichotoa kemikali inayotoboa ngozi ya nje ya fangasi mpaka anavuja na kufa. Kijidudu hicho kilipewa jina la mwenye shamba, Nourse. Dawa ilitangazwa mwaka wa 1950, ikaitwa nistatini, kutokana na jina la jimbo la New York. Ada zilizolipwa na watengenezaji zilipita dola milioni 13. Wanawake hao hawakujichukulia. Fedha zote zilikwenda kwenye utafiti wa sayansi.

Mpaka leo nistatini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Klotrimazoli, iliyopatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, imo pia, na ndiyo utakayoipata kwa urahisi zaidi kwenye maduka ya dawa.

Lakini mama, dawa peke yake haitoshi ikiwa mkunjo unabaki na maji. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu. Kausha kwa leso laini kwa kugusagusa, usisugue. Fungua shingo na mapaja ya mtoto mnene, ukaushe mpaka ndani. Paka dawa kidogo tu. Usiiache siku vipele vinapopotea. Maliza siku ulizoelekezwa. Badilisha nepi mara inapolowa, usifunge plastiki juu ya nepi ya kitambaa, na kila siku mlaze mtoto bila nepi kwa muda. Poda achana nayo, kwa sababu mtoto huivuta mapafuni.

Na ile dawa ya zambarau waliyotupaka mama zetu? Asili yake ni rangi ya kutia vitambaa, na kweli huua fangasi. Hata hivyo, mwaka wa 2019 serikali ya Kanada ilionya kwamba huenda ikaleta saratani. Mimi ningechagua klotrimazoli au nistatini. Ninachokiogopa zaidi ni krimu ya steroidi inayouzwa bila swali. Siku mbili mwasho unatulia, unafurahi, kumbe fangasi anaendelea kuenea na ngozi ya mtoto inakuwa nyembamba.

Mpeleke mtoto kwenye zahanati ikiwa ana homa, usaha au malengelenge, akikataa kunyonya, au vipele visipopungua baada ya wiki moja ya dawa. Mtu mzima ambaye vipele vyake vinarudi kila mara, apimwe sukari.