Meli Iliyoundwa kwa Viingilio

Mwaka 1666 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliamuru kijengwe kiwanda cha meli za kivita mahali paitwapo Rochefort, kando ya mto Charente. Mji mzima ukakua ukikizunguka. Jengo la kusokotea kamba lina urefu wa mita 374, kwa kuwa kamba nene za meli zilisokotwa zikiwa zimenyooshwa. Kiwanda kilifungwa katika miaka ya 1920. Mwaka 1944 jeshi la Ujerumani, likiwa linarudi nyuma, lililitia moto jengo la kamba, na magofu yakaota vichaka.

Baadaye jengo lilikarabatiwa, likawa makumbusho. Lakini ukuta hauwezi kukuonyesha jinsi taruma linavyopachikwa kwenye mkuku. Ndipo, tarehe 4 Julai 1997, katika chelezo cha zamani hapo hapo Rochefort, ukalazwa mkuku wa meli mpya ya mbao: nakala ya Hermione, iliyompeleka Lafayette Boston mwaka 1780 wakati Wamarekani wakipigania uhuru.

Waliobuni mradi hawakungoja meli ikamilike ndipo waifungue kwa wageni. Watu walilipa kiingilio wawaone maseremala wakichonga mwaloni, wahunzi wakifua chuma na mafundi wakikalafati mianya ya mbao. Viingilio hivyo vikawa sehemu kubwa ya fedha za kuiunda. Mwaka 2012 kiunzi kilishushwa majini. Mwaka 2015 Hermione ikavuka Atlantiki.

Hesabu moja hunisumbua. Hermione ya kwanza ilishushwa majini mwaka 1779, chini ya mwaka mmoja tangu kazi ianze. Nakala yake ilichukua miaka 15. Ni rahisi kuusifu ustadi wa wazee na kuishia hapo. Lakini kiwanda cha zamani kilikuwa na umati wa wafanyakazi, na miongoni mwao walikuwamo wafungwa: tangu mwaka 1767 Rochefort ilikuwa na gereza la kazi ngumu, lililodumu hadi 1852. Mnyororo ule haukunakiliwa, na ni heri. Hata hivyo, anayeisimulia meli bila kuwataja hao anasimulia nusu ya kiwanda.

Mwaka 2021, Hermione ikiwa matengenezoni karibu na Bayonne, iligundulika kwamba kuvu ilikuwa inakula mbao zake. Wapo watakaosema mradi umeshindwa. Mimi naona chombo cha mbao kimefanya kama vyombo vyote vya mbao: kimedai kupandishwa chelezoni, mbao zilizooza zing'olewe na nyingine zipachikwe. Kazi hiyo ndiyo iliyoiweka Rochefort hai kwa karne mbili na nusu. Isipokuwa sasa hakuna mfalme wa kuilipia. Wageni walitoa fedha waione meli ikizaliwa. Swali ni kama watatoa tena waione ikiuguzwa.